Vumbi la Nyuso za Saa

Sikilizeni wanangu, nyote wawili, wala msiniletee supu tena, tumbo halina nafasi nami sina muda. Solange, binti yangu, kabla hujaketi panda juu ukamtoe mwanao Loriane katika kile chumba cha dirisha refu nilichokuwa nikifanyia kazi. Ndiyo kwanza kalala, wasema? Nimekusikia. Tangu nirudi juzi kutoka hospitali nikasikia kitoto kinalia juu ya kichwa changu, moyo haujatulia, na jana mchana kutwa neno lilinifika ulimini nikalimeza kwa aibu. Wiki sita nilizolazwa kule uliona chumba kitupu, tena kina mwanga kushinda vyote, ukaweka kitanda cha mwanao pale pale ilipokuwa meza yangu. Sikulaumu. Ungejuaje, na mimi mwenyewe sikusema? Basi nisikilize kidogo, na ukishaelewa hutangoja nikutume mara ya pili.

Mnajua nilivyoupata mkate wangu. Mtu alikuwa akija na saa ya mfukoni ya marehemu baba yake, nami nikamwambia ina thamani gani. Sikuanza na dhahabu, dhahabu hata mwizi anaijua. Nilifungua kifuniko cha nyuma nikatazama vichwa vya skrubu, maana skrubu iliyochubuka humtaja fundi aliyeivuruga. Nikalinganisha namba ya mashine na namba ya kasha, kwa kuwa ziko saa nyingi zilizoozeshwa kwa hila, mashine ya huyu ndani ya kasha la yule. Nikaiweka sikioni imelala chali, imelala kifudifudi, imesimama, kwani saa iliyo nzima husema sauti ile ile kila upande. Mwisho nikaugeuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha, nione kama una ufa mwembamba kama unywele. Uso ndio nusu ya bei, wanangu. Saa yenye uso wake wa asili utapewa faranga elfu mbili. Ukiubadilisha, shukuru ukipata mia saba.

Wateja wangu wa reli walitaka uso unaong'aa gizani. Rangi ile ya kung'aa ikizeeka hufifia, nami nikawa naikwangua kwa kisu kidogo na kuupuliza unga wake, pfu, ukaanguka sakafuni ukazama kati ya mbao. Kisha mama yenu Zélie anapaka mpya, uso ni ule ule na bei inapanda. Namba zilikuwa nyembamba kuliko kope, basi aliichongoa brashi kwa midomo yake, kama walivyofanya wanawake wote wa mtaa huu madirishani mwao. Kiwanda kilichotuuzia rangi, sitakitaja, kilisema haina dhara, tena inaongeza damu. Siku moja akajipaka kucha na meno, akazima taa, akanichekea, "Philémon, leo usiseme umenikosa gizani!" Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka hadi nikakaa chini.

Meno yale yalianza kutoka, moja moja. Taya likaoza angali hai. Nyinyi mliambiwa ni ugonjwa wa fizi, na mimi ndiye niliyewaambia. Daktari wa pili, alipouliza mama yenu alifanya kazi gani, alifunga mlango, akaniambia rangi ile ina rediamu, na rediamu huingia mifupani kama chokaa na haitoki. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kilichomla Zélie nilikuwa nikikileta mwenyewe ndani ya kikapu, kila Jumatatu.

Na sisi watu wa saa tuna kosa letu. Uso ukiacha kung'aa tunasema umekufa, hauna kitu tena, unaweza kuukwangua hata kwa ukucha. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha. Daktari akasema kinachochoka ni rangi tu. Sumu haichoki, itaishi kuliko wajukuu wa wajukuu zangu. Vumbi langu la miaka kumi na minane liko kule juu kati ya mbao, haling'ai, halinuki, liko chini ya kitanda cha mwanao. Naye mwezi ujao atatambaa, na mtoto anayetambaa kila kitu hutia mdomoni.

Ehe, kimbia. Kimbia, mama! Blanketi liache huko huko!

Aurèle, wewe baki, mwanangu. Ulikuwa na miaka kumi na minne uliposhika kitasa cha chumba kile nikakuchapa kwa mkanda, nikasema sitaki kukuona tena kwenye meza yangu. Ukaenda zako kwa watu wa jibini, sikukuu saba za Mwaka Mpya zikapita hukukanyaga hapa. Ulidhani nakudharau. Nilikuwa nimetoka kwa yule daktari wiki ile ile. Nilikuogopea, nikashindwa kusema, nikachukua mkanda. Kusema ningeanzia wapi? Kwamba mimi ndiye? Na nyumba nani angeinunua? Tamaa mbele, mauti nyuma. Nimeficha mpaka kifo chenyewe ndicho kinaniumbua.

Sasa shika haya, pumzi inanikatika. Katika sanduku la bati mna saa kumi na moja. Nane ni safi, gawaneni sawa. Tatu zina nyuso za rangi ile. Msizifungue vioo. Atakuja mnunuzi mwenye ulimi wa asali, aseme zimezimika, hazina neno. Msimuuzie, hata akitoa nini. Waiteni watu wa serikali wenye kile chombo kinachohesabu sumu, wapime chumba, wang'oe mbao, wazichukue pamoja na saa hizo tatu. Nyumba itashuka bei. Ishuke! Na mtakayemuuzia mwambieni yote, mkimtazama usoni.

Nasikia miguu ya Solange kwenye ngazi. Amekuja naye... Hapo hapo mlangoni, mwanangu, usisogee. Ndiyo, nimeosha mikono hii mara elfu, najua, na bado naiogopa. Mwinue nimwone. Lo, ameamka kwa hasira kama bibi yake.

Nataka kumbariki, na siwezi kumgusa. Nenda wewe, Aurèle. Mkono wako haukuingia kwenye rangi ile, nilikufukuza mapema. Uweke kichwani pake badala ya wangu. Taratibu, utosi bado laini... hivyo. Sasa nitasema mimi.

Mungu akulinde, Loriane. Akupe mifupa mizima. Ucheke, uzeeke ungali na meno yako yote. Na hawa wawili wapatane... wapatane. Amina.

Usiuondoe mkono, Aurèle. Bado kidogo... usiuondoe.