Maziwa Tuliyompa Mtoto Oswaldi

Mgeni rasmi, Bwana Daktari, sisi wazazi wa Ugalla tunakupokea kwa heshima. Utuwie radhi kwamba hatukupiga ngoma. Bado tuna msiba.

HABARI ZETU

Sisi ni wakulima na warina asali. Kwetu mtoto mchanga akidhoofu, kila mama anayenyonyesha humpa ziwa lake kwa zamu. Tuliona huo ndio upendo.

Mwaka 1955 Felista, mke wa Fabiani, alijifungua binti, Helena. Siku mbili za kwanza alilambishwa maji ya asali, akawa mzima. Alipoanza kunyonya alitapika, akawa wa manjano, akafa. Tulisema maziwa ya Felista ni mabaya.

Mwaka jana alizaliwa mdogo wake, Oswaldi. Tulimzuia mama yake, tukamnyonyesha sisi wanawake saba. Bibi yake, Paskalia, alitukataza: "Nyie, huyu maziwa hayamtaki. Mpeni maji ya asali."

Tukamcheka: "Bibi, unalea mtoto au unafuga nyuki?"

"Chekeni tu. Nyuki wangu hawatapiki."

Kadiri alivyodhoofu ndivyo tulivyoongeza zamu. Macho yake yakaingia ukungu. Siku tatu kabla hajafa ulipita hapa, ukachukua mkojo wake ukapimwe mbali. Majibu yalipofika, tulikuwa tumeshamzika.

TULIYOFUNDISHWA

Uliporudi ulituambia sukari ya maziwa ina sehemu mbili. Moja mwili huitumia bila shida. Ya pili, ndani ya chembe ndogo sana za mwili, lazima ipandishwe juu ya kibebeo chake, kama mzigo wa stesheni ya Mpanda unavyopandishwa behewani. Ikishapanda hugeuzwa iwe ya kutumika. Watoto wa Felista hawakuwa na kitu cha kuipandisha. Ikalundikana, ikaharibu ini na macho. Ukasema maziwa ya mama yeyote yangewadhuru, na kwamba kasoro hii mtoto huirithi kwa baba na mama, wote wawili.

Kila mmoja wetu, wanawake wale saba, alikuwa akihesabu zamu zake. Bibi Paskalia peke yake ndiye aliyesema, "Basi hata mimi sikujua. Niliona tu."

SHIDA YETU

Felista ana mimba ya miezi saba. Ulisema huenda mtoto huyu akawa mzima, huenda akawa kama wenzake, na asipewe maziwa mpaka apimwe. Asali peke yake, ulisema, haiwezi kumkuza. Ndugu za Fabiani bado wanataka Felista arudishwe kwao. Wao wanasema, "Daktari aliwaambia nyie, sisi hakutuambia."

MAOMBI

Wapo hapa leo, wamekaa mbele yako. Tunaomba uwaambie kwa kinywa chako kwamba mwanamke huyu hakuua watoto wake.

Pia tunaomba yale maziwa ya unga wa soya uliyotutajia, yasiyo na sukari hiyo, yaletwe kwa treni kabla mvua hazijakata njia. Tumeshaahidiana kwamba hakuna atakayemnyonyesha mpaka utakapotuambia. Makopo yake yasipofika, mtoto atalia kwa njaa katikati yetu, nasi vifua vyetu vimejaa, na hatutampa.

Mungu akufikishe salama kwa wagonjwa wanaokungoja, na awapumzishe Helena na Oswaldi.

Ni sisi, Wazazi wa Ugalla.
Imesomwa kwa niaba yao na Generosa, Oktoba 1958.