Alama Mbili Ng'ambo ya Mto

Kosa tunalolifanya wengi ni kudhani kwamba ardhi hupotea siku hati inapoibwa. Hupotea mapema zaidi: siku anayeijua anapozikwa kabla hatujamsikiliza. Mpima ardhi wetu, anayestaafu leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, alijifunza hilo kwa uchungu, naye ameniomba nisilifiche.

Alianza kazi akiwa mshika mnyororo wa kupimia. Siku ya kwanza alisimamisha darubini juu ya njia ya siafu, akajikuta anavua suruali mbele ya mkuu wa idara. Tangu hapo hakuna aliyemshinda kwa kuangalia anapokanyaga. Na katika chumba cha ramani, ni yeye aliyegundua kwamba droo ya tatu haifunguki mpaka uisukume kwa goti.

Tutamkumbuka zaidi kwa shauri la mahakamani la warina asali wa msituni, ambao vitabu vyetu viliandika kuwa ardhi yao haina mwenyewe. Alikwenda na ramani na kiti cha kukunja, akamwomba bibi mtunza mipaka wa ukoo aketi, amwonyeshe kwa kidole. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akamweleza, akimwita mjukuu wake wa mjini, kwamba kwao mpaka hausimuliwi mtu akiwa amekaa. Hutajwa pale pale ulipo, miguu ikiwa juu yake. Akambandika jina la Bwana Kiti, nalo limemganda hadi leo.

Desturi ile haikuwa ukaidi. Mtu anayelazimika kufika ndipo aseme, hawezi kudanganya kuhusu mahali asipopajua.

Walitembea siku tisa, wakapima alama kumi na nne. Zilibaki mbili, ng'ambo ya mto, penye miti ya dawa za ukoo. Bibi alitaka waendelee kesho yake. Bwana Kiti alitazama kibali cha gari: kilikuwa kinaisha Ijumaa. Aliahidi kurudi baada ya wiki mbili. Akarudi baada ya tano, akakuta kaburi bichi.

Mahakama iliwapa hati ya alama kumi na nne, ikaamuru pia kwamba maarifa ya dawa zao yasichapishwe bila idhini ya ukoo. Ofisi nzima ilishangilia. Yeye alikunja ramani, akasema ameshona shati akasahau mkono mmoja.

Jaji aliacha mlango wazi kwa zile mbili, mradi shahidi asimame juu yake. Shahidi yupo: mdogo wake bibi, aliyefundishwa na dada yake, na sasa anatembelea mkongojo. Bwana Kiti ameomba gari mara sita. Mara sita amejibiwa asubiri, na majibu mawili niliyasaini mimi, mkuu wake.

Ahsante, Bwana Kiti, kwa kutuinua vitini. Nenda kapumzike na mama watoto, wajukuu wakuchoshe kwa vicheko, na miguu yako iendelee kukutii.

Nasi tunaobaki: faili la alama zile mbili liko droo ya tatu. Sukumeni kwa goti, mlitoe, mwende leo.