Sanduku la Mama Pipeti

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Pipeti. Mtaalamu wa maabara. Mwalimu wa wanasayansi vijana sitini na wawili. Amefariki Jumanne, moyo umesimama ghafla, akiwa bado anasubiri sanduku.

Sanduku lenyewe dogo, la barafu. Ndani mna vimeng'enya, kemikali za maabara za kukamilishia kipimo cha homa ya watoto, kipimo walichokibuni wanafunzi wake wenyewe. Vimeng'enya hivyo vikipata joto, basi tena. Likakaa forodhani siku kumi na tisa, likingoja saini moja. Siku kumi na tisa, wasikilizaji. Saini moja.

Kungoja alikuzoea. Vifaa visipofika, aliwapa wanafunzi maji ya wino. "Pimeni tone. Tena. Mkono ukizoea maji, hautatetemeka siku ya kazi." Pipeti, kile kibomba cha kunyonyea matone, ndicho kilichompa jina.

Mumewe anasema, "Hata chumvi ya mchuzi aliipima. Nikimwambia onja tu, ananijibu, 'Baba watoto, ulimi una upendeleo.'"

Kila asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la forodha.

"Mama, mkubwa yuko kikaoni," karani alimwambia. "Njoo kesho."

"Mwanangu, barafu haijui kikao."

"Mimi natumwa tu, mama."

"Basi ukatumwe umwambie inayeyuka."

Alizikwa Jumatano. Sanduku likafika maabara Alhamisi, na saini nzuri, ya kupinda na kujipinda.

Alilifungua mwanafunzi wake wa mwisho, binti mkimya. Barafu ilikuwa maji matupu. Kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na nane. Mkuu wa maabara alikuwa amesimama nyuma yake.

"Jaribu hivyo hivyo, binti. Jumatatu tuna wageni, wanataka kuona kipimo."

"Mzee, kikidanganya, atakayezikwa ni mtoto wa mtu."

Akavitupa vyote. Akaandika daftarini: vimeharibika. Kisha akakoroga wino kwenye maji, akawaita wenzake, wakaanza kupima matone.

Pole, baba watoto. Poleni watoto wake, poleni wanafunzi. Mwalimu wenu amewaachia mikono isiyotetemeka.

Nawe uliyekaa na kalamu siku kumi na tisa, huenda unatusikiliza. Siku mtoto wako atakapowaka homa, na daktari akakwambia hajui ni homa gani, usimlaumu daktari. Kumbuka sanduku.