Mzee Gayo Muriuki na Jina Alilopewa

Marehemu Mzee Gayo Muriuki alizaliwa tarehe 14 Mei 1951, Runyenjes, Embu. Katekista alimweleza mamake kwamba Gayo lilikuwa jina la Warumi wa kale, watawala na watu wa kawaida, na kwamba baadhi yao walidai maana yake ni kufurahi. Katika Biblia wamo kina Gayo kadhaa, na mmoja alisifiwa kwa kuwapokea wageni. Marehemu alipenda kusema kwamba yeye ni wajina wa huyo.

Alisoma hadi kidato cha nne, akasomea uuguzi, akahudumu katika zahanati za Embu hadi mwaka 2003.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Margaret Wanja. Padri aliwachekesha kwa kuwaambia kwamba bibi harusi wa Kirumi alimwambia mumewe, "Ulipo wewe Gayo, nipo mimi Gaya." Tangu siku hiyo, nyumbani Mama aliitwa Gaya.

Mwaka 2004 walihamia Hopkins, Minnesota, huku Marekani. Marehemu alitunza wazee katika makao mamoja kule Plymouth kwa miaka kumi na mitano. Wengi mlioko hapa mlilala kwenye kochi lake mlipofika Minnesota.

Mwezi Juni 2009, mimi ninayesoma, Lenny, mwanawe wa kwanza, nilipata mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu alipaswa kurithi jina la babu yake. Nilikataa, mbele ya wageni.

"Baba, huku jina hilo husikika kama 'gay', yaani shoga; watoto watamcheka shuleni. Hata mimi huona haya ukijitambulisha."

Aliniuliza, "Tangu lini?"

Nilimgeukia mtoto, nikamfunika blanketi.

"Sawa," akasema. "Mwiteni mtakavyo."

Wiki iliyofuata niliona beji yake mpya ya kazi. Iliandikwa Muriuki tu. Nilijua sababu, na sikuwahi kumwomba msamaha.

Machi 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Alipolazwa mara ya mwisho, muuguzi alimuuliza jina. Baba alinitazama kwanza, kisha akajibu, "Muriuki." Nilikuwa nimesimama pale pale, na sikumsahihisha. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Margaret. Watoto wawili, Lenny na Maureen. Na mjukuu, Timothy, aliyepaswa kuitwa Gayo.

Mungu ampe pumziko la amani, na amwite kwa jina lake.