Maziwa Niliyoyamwaga

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nimeombwa nitoe ushuhuda wa furaha, na furaha niko nayo, lakini mtanivumilia, niko na hasira pia.

Mnamjua binti yangu Mwende, huyu wa kwaya ya vijana. Miaka ile ya tisini alikuwa mtoto wa mwaka mmoja, tukikaa chumba kimoja mtaani Mumbuni. Kila Jumamosi mama mkwe wangu alitoka kijijini kwake Kola na chupa ya maziwa ya ng'ombe wake. Sasa mtoto alipochelewa kutembea, niliogopa, nikampeleka kwa mtu mmoja aliyejiita nabii. Akaniambia nyanya yake ndiye aliyemfunga miguu kupitia yale maziwa. Nisiyapokee tena, na mtoto asitoke nje, watu wasimwone.

Nikaamini! Nikayamwaga maziwa mlangoni, mama mzee akiwa amesimama pale pale. Alichukua chupa yake akaenda.

Mwaka mzima, ndugu zangu, Mwende alifichwa nyuma ya pazia, akinywa uji mtupu. Miguu ikapinda. Ukimbeba, analia kwa maumivu. Nabii akasema tufunge kula, hata mtoto. Mtoto ambaye tayari alikuwa na njaa!

Mume wangu alichoka, akambeba hadi hospitali, mimi nyuma nikinung'unika. Daktari alitazama picha ya mifupa, akauliza mtoto anakula nini, anacheza wapi. Nikamweleza yote.

"Mama, huyu hajarogwa," akasema. "Mifupa yake imelainika kwa kukosa jua na maziwa. Ni wewe uliyemnyima."

Tukapewa dawa. Siku hiyo hiyo nilienda Kola, nikampata mama mkwe akikama, nikapiga magoti kwenye matope. "Mwaitu, mama yangu, nisamehe."

"Mlete mtoto," akasema.

Mwende alikaa kwake karibu mwaka, akimeza dawa, akishinda uani juani. Akatembea! Mguu mmoja umebaki umepinda kidogo, na kila nikiuona nakasirika upya, kwa yule mtu na kwangu mimi.

Namshukuru Mungu aliyemwokoa mtoto kutoka mikononi mwangu. Na wewe mama uliyemfungia mtoto wako nyumbani kwa sababu umeambiwa amelaaniwa, mwamini Mungu, umtoe nje. Kama unaogopa kwenda hospitali peke yako, nitafute baada ya ibada. Kesho asubuhi twende pamoja.