Hirizi Kwenye Maikrofoni

Kwenye teksi ya abiria kutoka mji wa Sfax, dereva Lamjed alikuwa akiposa kwa simu, kupitia spika ya gari. Baba yake Dalenda, msichana aliyemtaka, alisikia kelele tupu. "Unaniposea binti ukiwa gereji?"

Naziha, abiria wa mbele, akadakia: "Mwanangu, hirizi uliyotundika kwenye kioo inagonga maikrofoni. Itoe!"

"Ya kuzuia kijicho, mama! Niitoe siku ya posa?"

"Basi posa kwa ishara."

Akaishika kwa mkono mmoja, gari likayumba. Kwa hofu, abiria wote tukasoma Fatiha kwa sauti, mimi bibi wa kiti cha nyuma nikiongoza.

"Sasa nasikia!" mzee akafoka. "Nani kawaambia msome Fatiha ya kufunga posa kabla sijakubali?"

Simu ikakatika. Lamjed akasimamisha gari, akanigeukia. "Bibi, nimekubaliwa au sijakubaliwa?"

"Mimi nashukia hapa," nikamjibu.