Chumba cha Kujifunza Kuinua Mkono

Mheshimiwa Diwani, Bwana Msimamizi wa zahanati yetu, Ndugu wageni waalikwa, wazee wa kanisa na wa msikiti, akina mama wa Jericho, nanyi wa Buruburu na Donholm mliokuja na viatu vya Jumapili siku ya Ijumaa: hamjambo?

Mimi ni Ndinda, msusi wa nywele pale soko la Jericho. Nimeombwa nimuage Bi Nakhumicha, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo, anayestaafu leo, na nimepewa dakika tano. Dakika tano! Msusi hata kuchambua nywele hajamaliza. Lakini kuna neno limenikaa kooni, na nalitoa mapema: nasikia kuanzia Jumatatu chumba chake kitakuwa stoo ya magodoro, kwa kuwa hakuna wa kushika nafasi yake. Basi, Mheshimiwa, nikueleze stoo hiyo ilikuwa nini kwetu.

Mwaka wa tisini na moja nilikatwa titi la kulia kwa sababu ya saratani. Leo naitaja kwa jina, lakini wakati ule watu walinong'ona tu kwamba Ndinda ana kile kidonda. Daktari aliniambia nisiinue kitu kizito. Jirani yangu Kanyiva, aliyekuja kunichukua hospitalini, akasikia nusu, na nusu hiyo ndiyo aliyoifikisha mtaani: "Amekatazwa kuinua mkono."

Mbona nisiwapende watu wale? Huyu alichota maji, yule akafua, mwingine akanikatia sukuma wiki. Kanyiva mwenyewe alinifunga mkono kifuani kwa leso, na kila asubuhi akanichana nywele. Nikinyoosha mkono mzima kuchukua kitana, ananipiga kikofi. "Tulia, mama. Kinyozi hajinyoi!" Tukacheka. Baada ya wiki sita za mapenzi hayo, bega langu lilikwama kama mlango uliovimba kwa mvua. Jamani, nani amewahi kuushtaki upendo? Lakini msusi asiyefika utosini pa mteja atawalisha watoto nini? Niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kisu.

Nikaja hapa zahanati, na Bi Nakhumicha alipoiona ile leso hakunipa pole. Aliifungua, akaikunja vizuri, akaniwekea mapajani.

"Hii ni ya kiunoni," akasema. "Sasa mama, unataka mkono ama unataka pole?"

"Nataka mkono."

"Haya. Basi utajichana mwenyewe."

Nikamwambia kinyozi hajinyoi. Akacheka mpaka akashika meza. "Hajinyoi kwa sababu akijinyoa hujikata! Wewe una kitana, utajikata na nini?"

Alikagua kidonda kwanza, akaridhika kimefunga, ndipo tukaanza. Hakuwa mtu wa pupa. Kwanza mabega tu, juu na chini. Halafu kitana, kwenye paji la uso, na baada ya siku kadhaa, kisogoni. Halafu ukuta: unasimama mbele yake uso kwa uso, na vidole vinapanda taratibu kama kunguni wa nyumba zetu za kanju, zile za baraza la jiji. "Mkono ukivutika, sawa, pumua," alituambia. "Ukichoma, shuka. Na mkono ukivimba au ukiwa mwekundu, uje siku hiyo hiyo." Siku niliyobeba debe la maji ili nimfurahishe, alininunia wiki nzima.

Ah, Jumatano zile za mazoezi yetu ya pamoja! Ukuta ulijaa alama za penseli pale vidole vilipofika, kila mama na alama yake, maana nani angethubutu kuandika jina? Ambaro, muuza vitambaa, alikuja na chupa ya chai yenye iliki. Hakuuliza lini atabeba mtoto wala mzigo. Aliuliza lini mikono yake itafika masikioni, apige takbira ya kuanza swala kama zamani. Asubuhi mikono hiyo ilipofika masikioni, mimi mwana wa kwaya nililia kuliko yeye. Mwezi uliofuata nilimsuka binti yangu matuta kichwa kizima, tangu saa tatu mpaka saa saba, nikipumzika kila nilipoambiwa nipumzike.

Mheshimiwa, umeambiwa wagonjwa wa chumba kile ni wachache. Hawakukudanganya. Kitabuni tulikuwa wachache kwa sababu wengi wetu tulisema pale mapokezi kwamba tumekuja kupima presha, na Bi Nakhumicha akatuficha kwa kuwa tulimwomba atufiche. Miaka yote hiyo alionekana hana kazi, akanyamaza. Aibu ile ilikuwa yetu, na ndiyo inayofunga mlango leo.

Basi, dada zangu, kila aliyepita kwake, nawaomba muinue mkono. Si ule mzima. Ule mwingine. Hata ukifika sikioni tu, unatosha. Naanza mimi.

Ambaro, asante. Na wewe wa kitambaa cha kijani. Wale watatu wa Buruburu... Mama Mchungaji! Kumbe sote tulikuwa tunapishana mlangoni tukidanganyana presha?

Bi Nakhumicha, usifute machozi, tazama kwanza. Kazi yako ndiyo hii.

Nanyi nyote mlionivumilia kupita dakika zangu, asanteni kwa kunipa masikio. Mheshimiwa, usinitazame mimi. Geuka nyuma uhesabu, polepole. Hatushushi mikono mpaka umalize.